Lengo la Kusoma na Daftari la Vitabu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayejiwekea lengo la kusoma na kuandika orodha ya vitabu alivyosoma hufanya kazi mbili tofauti, ingawa mara nyingi huziona kuwa moja. Lengo humsaidia kutenga muda wa kusoma na kuulinda usimezwe na shughuli nyingine, ilhali orodha humsaidia kukumbuka alichokisoma na kukirejea anapokihitaji. Dhana potofu nyingi kuhusu jambo hili huzaliwa pale kazi hizo zinapochanganywa, orodha ikageuzwa kuwa ubao wa matokeo na lengo likawa tarakimu ya kujivunia. Ninaliandikia jambo hili kwa sababu nimeona wasomaji wazuri wakikata tamaa, si kwa kukosa hamu ya vitabu, bali kwa kushindwa na tarakimu waliyojiwekea wenyewe.

Dhana: Lengo zuri ni idadi kubwa ya vitabu

Idadi ya vitabu 52 kwa mwaka, yaani kimoja kila wiki, imezoeleka kiasi kwamba wengi huichukua kuwa ndiyo kipimo cha msomaji hodari. Ukweli ni kwamba kitabu si kipimo kinacholingana na kingine. Mwaka 1964, ili kuziwezesha nchi kulinganisha takwimu zao za uchapishaji, UNESCO ilipendekeza kwamba kitabu kihesabiwe kuwa chapisho lisilo gazeti wala jarida, lenye kurasa zisizopungua 49 bila kuhesabu jalada. Kwa kigezo hicho, diwani nyembamba ya kurasa 60 na riwaya ya kurasa 700 kila moja ni kitabu kimoja, na mtu anayekimbizana na idadi ya 52 atajikuta akiikwepa ile riwaya hata kama ameitamani kwa miaka. Diwani nayo haitendewi haki, kwa kuwa shairi hudai kusomwa polepole na kurudiwa, lakini mwenye haraka ya kuongeza hesabu ataipitia kwa jioni moja na kuiweka kando.

Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alionya mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba uhusiano wa kitakwimu unaotegemewa huelekea kuvunjika mara unapoanza kutumiwa kama chombo cha udhibiti. Onyo hilo linamhusu msomaji vilevile, kwani idadi ya vitabu huonyesha mengi kuhusu usomaji wa mtu ilimradi haifukuziwi, na ikishafukuziwa huanza kuonyesha tu jinsi anavyochagua vitabu vifupi.

Lengo linalodumu huwekwa juu ya kile kilicho mikononi mwa msomaji, yaani dakika au kurasa za kila siku. Kurasa 15 kwa siku ni kurasa 5,475 kwa mwaka, ambazo ni karibu vitabu 22 vyenye kurasa 250 kila kimoja. Anayetaka kufikisha 52 vya ukubwa huohuo atahitaji kurasa zipatazo 36 kila siku, sikukuu na siku za ugonjwa zikiwemo. Hesabu hiyo ya dakika mbili, ikifanywa kabla ya kutangaza lengo, ingewaokoa wengi na fadhaa ya miezi ya mwisho wa mwaka.

Dhana: Kasi ya kusoma inajulikana, na anayeona ni ndogo anaweza kuizidisha mara tatu kwa mbinu

Takwimu za kasi ya kusoma zinazotajwa sana zimetokana na lugha ya Kiingereza. Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya matokeo ya tafiti 190 na kupata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi yasiyo ya kubuni, na 260 katika hadithi za kubuni. Ni kazi makini, lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kuichukua tarakimu hiyo na kugawanya kwayo idadi ya maneno ya kitabu chake. Neno letu moja kama “hawatatuambia” limebeba ukanushi, mtendaji, wakati, mtendwa na kitenzi. Kiingereza hutumia maneno matano kusema hivyo. Maneno machache kwa dakika katika Kiswahili hayamaanishi kwamba msomaji ni mzito.

Njia ya uhakika ni kujipima mwenyewe. Fungua kitabu unachokisoma sasa, weka saa dakika kumi, soma kwa mwendo wako wa kawaida, kisha hesabu kurasa. Rudia siku nyingine kwa kitabu cha aina nyingine, maana kurasa nane za riwaya zinaweza kuchukua muda sawa na kurasa tatu za kitabu cha falsafa. Ukishapata makadirio hayo mawili, una msingi wa kupanga lengo lako.

Kuhusu mbinu za kusoma kwa kasi kubwa, tathmini ndefu ya kitaalamu ya Keith Rayner na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2016, ilieleza kwamba kasi na uelewa hubadilishana: ukiongeza mno kimoja, unapunguza kingine. Kikwazo kikubwa si mwendo wa macho, bali ni uwezo wa akili kutambua maneno na kuunganisha maana yake. Kinachoongeza kasi bila kupunguza uelewa ni msamiati mpana na mazoea ya kusoma, na hivyo vyote hupatikana kwa kusoma.

Dhana: Mazoea hujengeka kwa siku 21, na ukiruka siku moja umeyaharibu

Siku 21 hazikutokana na jaribio la kupima mazoea. Zinafuatiliwa hadi maandishi ya daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Utafiti ulioongozwa na Phillippa Lally jijini London na kuchapishwa mwaka 2009 ulifuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya za kula, za kunywa au za mazoezi ya mwili; kwa kawaida tabia hizo zilichukua kama siku 66 kukaribia kufanyika zenyewe bila kujilazimisha, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kusoma hakukuwa miongoni mwa tabia zilizochunguzwa, kwa hiyo tarakimu hizo zisihamishwe kama zilivyo. Jambo lenye faida kwetu ni lingine: walioruka siku moja hawakuonekana kurudi nyuma kwa kiasi cha maana.

Msomaji aliyekosa jana hana deni la kulipa leo kwa kusoma kurasa mara mbili. Asome kiasi chake cha kawaida. Vilevile, badala ya kuazimia kwa jumla kwamba “nitasoma zaidi”, ni bora kufunga kusoma na tukio ambalo tayari hutokea kila siku, kwa mfano “nikishazima taa ya sebuleni, nitasoma kurasa kumi kabla ya kulala.” Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba mpango wa namna hiyo, unaotaja wakati, mahali na tendo, huongeza uwezekano wa azimio kutekelezwa.

Dhana: Ukiandika jina la kitabu, umeshaweka kumbukumbu

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo hasara ilipo kubwa. Ninalo daftari la jalada gumu nililoandikia vitabu kwa miaka mitatu. Kila mstari una jina la kitabu, jina la mwandishi na neno moja: “kizuri”, “kizuri sana”, “wastani”. Nilipolifungua baadaye, nilisoma majina kumi mfululizo nisikumbuke hata mhusika mmoja. Katikati ya ukurasa, hata hivyo, kulikuwa na mstari uliopita pambizo kwa wino uliofifia: “uk. 87, mzee anakataa kuuza shamba kwa sababu ya kisima alichochimba na mkewe.” Mara riwaya yote ikanirudia: ile ndoo iliyotoboka, mtoto wa kiume aliyetaka fedha, hata kiti nilichokuwa nimekalia nilipokuwa nikiisoma. Sentensi moja mahususi ilifanya kazi ambayo sifa thelathini zilishindwa.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1885 baada ya kujifanyia mwenyewe, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Yeye alitumia silabi zisizo na maana, na hadithi hudumu zaidi ya silabi, lakini mwelekeo wa kusahau haraka mwanzoni unafahamika kwa kila aliyewahi kuulizwa habari za kitabu alichokimaliza mwezi uliopita. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliokisoma kisha wakajaribu kuandika wanachokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele; baada ya wiki moja, walioandika kutoka kichwani ndio waliokumbuka zaidi.

Kwa mwenye daftari, maana yake ni kwamba kitabu kifungwe kwanza, ndipo kalamu ishikwe. Andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya kurasa, kisha sentensi mbili au tatu kutoka kichwani: jambo lililobaki, swali lililokukaa, ukurasa unaotaka kurudia. Baada ya hapo fungua kitabu uhakikishe na usahihishe. Kazi hiyo haizidi dakika tano, nami ningependelea mtu apunguze vitabu viwili kwa mwaka kuliko kuiacha.

Dhana: Kitabu kilichoachwa, kilichorudiwa au kilichosikilizwa hakihesabiwi

Hakuna mamlaka inayotoa hesabu hii, hivyo swali la kuuliza ni kumbukumbu ipi itakufaa baadaye. Kitabu kilichoachwa kiandikwe pamoja na ukurasa ulipofikia na sababu, kwa kuwa sababu tatu au nne zinazofanana zitakufundisha kuhusu uchaguzi wako kuliko orodha ya vile ulivyovimaliza. Kilichorudiwa kiandikwe upya kwa tarehe mpya, na inapendeza kulinganisha sentensi zako za mara ya kwanza na za mara ya pili. Ama kitabu cha sauti, utafiti wa Beth Rogowsky na wenzake wa mwaka 2016 haukupata tofauti ya maana ya uelewa kati ya watu wazima waliosoma na waliosikiliza maandishi yaleyale. Kiandike kwa saa badala ya kurasa.

Dhana: Bila programu ya simu huwezi kufuatilia vizuri

Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliorodhesha katika madaftari vitabu alivyosoma na alivyokusudia kusoma kuanzia mwaka 1838 hadi 1860, na hadi leo watafiti huyatumia kufuatilia mawazo yake. Mtandao wa Goodreads, ulioanza mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, hurahisisha kutafuta toleo na kujumlisha kurasa, na hilo ni jambo jema. Anayetumia huduma ya aina hiyo apakue nakala ya orodha yake mara kwa mara na akague ni nani anayeweza kuiona.

Dhana: Mwaka ukishapita nusu, ni heri kusubiri Januari

Tarehe mosi Septemba hubaki siku 122 hadi mwaka kuisha. Kwa kurasa 15 kila siku hizo ni kurasa 1,830, yaani vitabu saba vya kurasa 250 na sehemu ya cha nane. Mwenye kuanza hahitaji kungoja kitabu kipya wala daftari jipya: mstari wa kwanza unaweza kuwa kile kitabu kilichokaa kando ya kitanda tangu miezi iliyopita, kipande cha karatasi kikiwa ukurasa wa 94, na tarehe ya leo mbele yake.