"Wajue kuandika kwanza"

Wiki iliyopita, katika kikao cha idara, nilisikia tena sentensi ambayo huisikia karibu kila mwaka tangu nianze kufundisha Stadi za Mawasiliano chuoni: "Hawa wa mwaka wa kwanza hata aya hawawezi kuandika. Wajue kuandika kwanza, ndipo uwapeleke kwa wananchi." Mlengwa ni mimi, kwa kuwa huwapeleka wanafunzi wangu vijijini wawaandikie wananchi maelezo wanayoyahitaji. Muda wa kikao haukutosha kujibu, kwa hiyo najibu hapa.

Anayesema hivyo anachukulia kuandika kuwa akiba ambayo mtu hujiwekea darasani, aje kuitumia akishahitimu. Lakini mwanafunzi anayemwandikia mhadhiri, ambaye jibu analijua tayari, hana haja ya kueleweka. Anatafuta alama, na alama tumezoea kuzitoa hata kwa maneno makubwa yasiyobeba kitu.

Muhula uliopita tulifanya kazi na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro. Mama mmoja muuza mboga alileta mkataba kutoka kwa mkopeshaji wa nje ya kikundi: shilingi 300,000, miezi 6, riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Mwanafunzi wangu aliusoma kwa sauti bila kukwama popote. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, nikishalipa nusu, hiyo riba bado naitoa kwenye laki tatu?"

Kijana akarudi kwenye karatasi. Alikisoma kifungu cha riba mara ya pili, kisha mara ya tatu, kidole chake kikiwa kimetua juu ya maneno "ya mkopo wa awali", ambayo dakika chache kabla alikuwa ameyatamka vizuri kabisa. Maneno hayo yalikuwa na bei. Riba ikitozwa kwenye mkopo wa awali, mama analipa 90,000 kwa miezi 6; ikitozwa kwenye deni linalobaki, huku akirejesha 50,000 kila mwezi, analipa 52,500. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa kijana huyo alama nzuri za ufahamu, kwa kuwa maswali yangu yalijibika kwa kunakili sentensi kutoka kwenye kifungu cha habari. Swali la mama halikujibika hivyo.

Tukamwagiza amwandikie maelezo ya ukurasa mmoja. Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Katika dunia ya sasa, mikopo imekuwa nguzo muhimu ya maendeleo." Mama aliomba asomewe mahali palipoandikwa atalipa kiasi gani, na hapakuwapo. Rasimu ya tatu ilianza hivi: "Kila mwezi utalipa shilingi 65,000. Kati ya hizo, 50,000 ni za mkopo na 15,000 ni za riba. Riba haitapungua hata deni likibaki dogo." Insha zake nilikuwa nimezirudisha mara nyingi kwa wino mwekundu, nikimwandikia afupishe utangulizi, wala hakuwahi kuufupisha.

Wala hili si jambo geni nchini kwetu Tanzania. Mwaka 1973, katika kampeni ya elimu ya afya ya "Mtu ni Afya", takriban watu milioni 2 walikaa katika vikundi kwa wiki 12, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma, na hawakuambiwa wangoje.

Wapo pia wanaoniunga mkono kwa namna isiyonisaidia: huwapeleka wanafunzi kufagia soko, kisha huwataka waandike kurasa mbili za "niliyojifunza". Soko linakuwa safi, lakini kurasa hizo hazina msomaji anayezihitaji.

Mashaka ninayo, na yananisumbua. Kijijini tunaandika Kiswahili, ilhali mitihani ya chuo ni ya Kiingereza. Baadhi ya walioandika maelezo safi kabisa kwa akina mama walirudi wakanakili aya nzima kutoka kwenye intaneti katika insha zao. Sehemu ya stadi inavuka kutoka lugha moja hadi nyingine, hasa tabia ya kujiuliza msomaji anataka nini, lakini msamiati hauvuki, na nilikosea nilipodhani kwamba tabia hiyo peke yake ingetosha. Shaka la pili ni zito zaidi: kosa la mwanafunzi darasani hugharimu alama, ila kosa katika karatasi ya yule mama lingemgharimu mtaji wa biashara. Ndiyo maana hakuna karatasi inayotoka kabla sijaihakiki tarakimu kwa tarakimu. Kwa wanafunzi 60 siwezi kuifanya kazi hiyo peke yangu, kwa hiyo nilichokiomba kikaoni ni mhadhiri msaidizi mmoja na saa mbili zaidi kwa wiki za kupitia rasimu. Ombi hilo bado halijajibiwa.