Miti getini haitakuandikia insha

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii naandika ili siku nyingine nimtumie mtu kiungo tu: "Mwalimu, nipe maneno mia tatu magumu ya Kiingereza na mbinu za kuyakariri, nina IELTS mwezi ujao." Aliyeuliza ni muuguzi anayetafuta usajili wa Uingereza. Kwenye IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, anahitaji alama 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Anaamini anakwama kwa kukosa maneno makubwa. Nimesoma insha yake yote. Maneno makubwa anayo tayari, na ndiyo yanayomponza.

Mbinu zenyewe sizipingi, nazifundisha. Ile ya neno-kiungo, ambayo watafiti Atkinson na Raugh waliipima mwaka 1975 kwa wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijifunza Kirusi, inafanya kazi: unachukua neno geni, unatafuta neno la lugha yako linalokaribiana nalo kwa sauti, unayafunga pamoja kwa picha moja. "Mitigate" ni miti getini: upepo wa vumbi unakuja, miti iliyopandwa getini inaupunguza makali. "Arid" ni ardhi iliyopasuka kwa ukame. "Candid" ni kandili iliyowashwa, mtu anayesema wazi bila kuficha. Hilo la mwisho lina ziada, maana kandili tuliyoipata kwa Waarabu na hilo neno la Kiingereza yote ukiyafuata nyuma yanakufikisha kwenye Kilatini, kwenye maneno ya mwanga na weupe. Ila picha iwe yako, na iwe ya Kiswahili. Ukikariri picha iliyotungwa kwa masikio ya lugha nyingine, tuseme Kihindi, umejibebesha mizigo miwili.

Sasa turudi kwa "mitigate". Dada yule ameandika: "The government should mitigate the number of cars." Alichokariri ni "kupunguza", basi. Lakini "mitigate" haishiki idadi. Inashika ubaya wa jambo: madhara, hatari, hasara, makali ya ukame. Magari yanapunguzwa kwa "reduce", neno la shule ya msingi, na hapo ndilo sahihi na ndilo lenye alama. Aya ya pili ikawa mbaya zaidi: "mitigate against pollution". Hiyo "against" imeponyoka kutoka kwa "militate", neno jingine kabisa, lenye maana ya kuwa kikwazo, na hata Waingereza wenyewe huyachanganya. Miti ya getini haikumdokezea lolote.

Wanaobishana nami hapa nawaomba wakitazame Kiswahili chao. Mgeni akikariri kwamba kupiga ni kuchapa, atafanya nini akikutana na kupiga pasi, kupiga deki, kupiga mswaki, kupiga kambi? Akikwambia amechapa pasi shati lake, utamwelewa, lakini utajua papo hapo kwamba Kiswahili chake ni cha daftari. Tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata tamaa, tunakata kiu, na hakuna aliyetupa orodha. Tuliyasikia maneno hayo yakiwa na wenzake. Mtahini anakisikia Kiingereza chako kwa sikio hilohilo. Kwenye kuandika na kuzungumza, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kutolea alama, na maelezo ya bendi 7, yaani alama 7, ambayo yeyote anaweza kuyasoma, yanataka maneno yasiyo ya kawaida pamoja na kujua yanaandamana na maneno gani. Watu wanasoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo, kisha wanakimbilia orodha.

Kuna tatizo la pili, na hili nililiona mezani kwangu. Nilimwambia afunge daftari. "Mitigate ni nini?" Akajibu kabla sijamaliza. Nikageuza: "Haya, unataka kusema kupunguza makali ya mafuriko. Sema." Akatazama dari. Midomo ikawa inacheza: upepo, vumbi, geti. Nilihesabu hadi sita. Kwenye mtihani wa kuzungumza, sekunde sita za kimya ni nyingi mno. Picha ilikuwa imemjengea njia ya kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, ambayo inatosha kwa kusoma. Kuandika na kuzungumza kunahitaji njia ya kurudi, na hiyo inachongwa kwa kulivuta neno kichwani tena na tena bila kuchungulia.

Mwaka 2008, Karpicke na Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo Marekani jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, mashua likiwamo. Walioendelea kujipima maneno yote walikumbuka takriban 80% baada ya wiki. Walioacha kujipima neno baada ya kulipata mara moja, hata kama waliendelea kulisoma, waliambulia kama theluthi. Inaniuma kwamba ni maneno yetu yaliyotumika kuonyesha jambo hili, nasi bado tunapitisha macho kwenye orodha usiku kucha.

Nina shaka zangu pia. Wang, Thomas na Ouellette walionyesha mwaka 1992 kwamba yaliyokaririwa kwa neno-kiungo yanaweza kufifia haraka kuliko yaliyokaririwa kwa kurudiarudia tu, na darasani nimeyaona hayo: Ijumaa wote wanajua, wiki mbili baadaye picha ya miti ipo lakini maana imeondoka. Halafu anatokea mwanafunzi wa miaka mitano iliyopita ananiandikia kwamba kandili yake bado inawaka. Nikitazama maneno kumi leo, siwezi kukuahidi yepi yatabaki.

Kwa hiyo muuguzi nimempa maneno 40, kila moja kwenye kadi yake. Mbele ya kila kadi sentensi ya Kiswahili kutoka wodini kwake, nyuma Kiingereza chake kizima, neno likiwa na wenzake. Alilalamika kwamba ni machache. Kadi yake ya kwanza inasema: "Tunanawa mikono kupunguza hatari ya maambukizi." Nyuma: "to mitigate the risk of infection". Jana nilimsomea ule upande wa mbele mara mbili. Mara ya pili hakutazama dari.