Mkate wa kumi na tatu haukuwa zawadi

Kila tunapokaribia tarehe 20 Mei, Siku ya Vipimo Duniani, simu hujaa orodha za misemo ya Kiingereza na asili zake. Si vibaya. Tatizo ni kwamba misemo hiyo imeanza kuingia kwenye utetezi tunaousikia sisi wa ofisi ya vipimo: mfanyabiashara anakwambia yeye hutoa "baker's dozen", yaani vitu 13 kwa bei ya 12, kwa hiyo habari za mizani yake zisiulizwe. Tunaamini anasema kwa nia njema, hivyo tueleze.

Uingereza ilikuwa na sheria ya mkate na bia, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya mwaka 1266, enzi za Mfalme Henry III. Bei ya mkate ilibaki palepale, farthing moja, yaani robo ya peni. Kilichobadilika ni uzito. Ngano ikipanda bei, mkate wa farthing unapungua, ikishuka, unanenepa. Mwokaji alifuata jedwali, na aliyepunja aliadhibiwa.

Jijini London adhabu zilikuwa za hatua tatu, na zimo katika kitabu cha desturi za jiji kilichokusanywa mwaka 1419. Kosa la kwanza: mwokaji analazwa juu ya chanja na kuburutwa kutoka Guildhall, ukumbi wa jiji, hadi nyumbani kwake, kwa kupitia mitaa yenye watu wengi na uchafu mwingi, ule mkate wake mwepesi ukining'inia shingoni. Kosa la pili: anaburutwa tena, kisha anabanwa kwenye mbao za adhabu hadharani kwa muda usiopungua saa moja. Kosa la tatu: anaburutwa, tanuri lake linabomolewa, na anaapishwa kuacha uokaji jijini humo maisha yake yote. Faini za siku hizi ni za upole, ingawa hatusikii mtu akizisifu.

Wengi husema mkate wa 13 uliongezwa kwa kuogopa hayo. Huenda hofu ilichangia. Lakini kumbukumbu za London zinaonyesha jambo la kawaida zaidi: wanawake wachuuzi waliochukua mikate kwa mwokaji na kuitembeza nyumba kwa nyumba walipewa 13 kwa bei ya 12. Ule mmoja ndio ulikuwa faida yao. Na sheria ilitaja uzito wa mkate, si wa dazani, kwa hiyo wa 13 haukuiponya ile 12 myepesi.

Vivyo hivyo, viazi viwili vya nyongeza havihalalishi mizani isiyohakikiwa. Mizani ya biashara huhakikiwa kila mwaka. Ikifunguliwa na fundi, huhakikiwa upya kabla ya kutumika, hata kama stika yake ya uhakiki haijaisha muda. Tumelisema hili mara nyingi, na bado mtu hutuonyesha stika kana kwamba ni leseni ya udereva.

Stika yenyewe ina ndugu yake wa zamani katika neno "hallmark", yaani chapa ya ukaguzi. Sheria ya mwaka 1300 ilitaka vyombo vya madini ya fedha vipigwe chapa ya kichwa cha chui baada ya kukaguliwa. Kuanzia 1478 mafundi wa London walipeleka kazi zao kupigwa chapa katika jumba la chama chao, Goldsmiths' Hall.

"A pig in a poke" hauhitaji maelezo marefu: ni nguruwe aliyeuzwa ndani ya mfuko. Sisi tuna mbuzi kwenye gunia.

"Rule of thumb" ndio unaotuchosha. Hapana, haukutokana na sheria ya kumchapa mke kwa fimbo isiyozidi unene wa dole gumba. Uingereza haikuwahi kuwa na sheria hiyo. Jaji Francis Buller alidaiwa kutamka hivyo mwaka 1782, mchoraji James Gillray akamchora kwa kejeli, uvumi ukakua. Msemo ulikuwa umeshaandikwa tangu karne ya 17, ukiwa na maana ya kukadiria kwa uzoefu bila kipimo.

Kwa mwenye lalamiko: usihamishie bidhaa kwenye mfuko mwingine, tunza risiti, andika jina la soko, namba ya kizimba na saa ya ununuzi, kisha ufike ofisi ya vipimo ya mkoa wako. Bidhaa ikishapikwa, hatuna cha kupima.