Je, wajua kwa nini saa moja kwa wiki humfaa mtoto wa mfungwa, na lini humdhuru?

Baba au mama anapofungwa, mtu asiye wa ukoo anaweza kumsaidia nini mtoto kwa saa moja tu kwa wiki? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: atamzuia asimfuate mzazi wake jela. Niliamini hivyo kwa sababu ya takwimu niliyoisoma mara nyingi na kuirudia mbele za watu, kwamba watoto saba kati ya kumi wa wafungwa nao huishia gerezani. Takwimu hiyo haina msingi. Naomba tuivunje taratibu, maana kuna watoto wanaoubeba mzigo wake hadi leo.

Ilienea sana Marekani. Ilisomwa kwenye hotuba, ikaandikwa kwenye maombi ya ufadhili, na ndugu yake, ile isemayo kwamba watoto hawa wana uwezekano mara sita zaidi wa kufungwa, ikaingia hata kwenye nyaraka za Seneti. Mwaka 2015 watafiti wawili wa jimbo la Connecticut, James Conway na Edward Jones, waliifuata takwimu ya saba kwa kumi wakitafuta utafiti ulioizaa. Hawakuupata. Andiko lilitegemea andiko, na nyuma yake hapakuwa na mtu aliyekaa akahesabu watoto.

Mbona basi inaaminika kirahisi? Kwanza, methali imeshatutayarisha: mtoto wa nyoka ni nyoka. Pili, kuna hesabu ambayo wengi wetu huigeuza kichwa chini miguu juu. Chukua kijiji cha pwani ambako karibu kila mvuvi ni mtoto wa mvuvi. Ukisimama ufukweni ukiwauliza wanaorudi na ngalawa, utaapa kwamba mtoto wa mvuvi lazima avue. Sasa toka ufukweni, uhesabu watoto wote waliozaliwa na wavuvi. Huyu ni fundi cherehani, yule anafundisha, mwingine anaendesha daladala mjini. Hukuwaona kwa sababu ulisimama mahali wasipofika. Ndivyo ilivyo ukiingia gerezani na kuuliza nani mzazi wake aliwahi kufungwa: wale ambao hawakufika humo huwezi kuwahesabu.

Haina maana kwamba kifungo cha mzazi hakiachi alama. Joseph Murray na wenzake walikusanya tafiti 40 na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Katika zile zilizofanywa kwa umakini zaidi, watoto hawa walionekana kuwa na hatari kubwa kiasi ya utukutu na kuvunja sheria. Kuhusu afya ya akili, dawa za kulevya na maendeleo ya shule, tofauti haikujitokeza pale walipolinganishwa na watoto wenye maisha yanayofanana na yao. Umaskini, kuhamahama na ugomvi wa nyumbani mara nyingi humfikia mtoto kabla ya polisi.

Kama kazi si kuvunja laana, ni nini? Mfano ninaoupenda ni mradi wa Amachi, ulioanzishwa Philadelphia mwaka 2000. Jina ni la Kiigbo, lugha ya Nigeria, na wenyewe hulifasiri hivi: nani ajuaye Mungu ametuletea nini kupitia mtoto huyu. Aliyeuongoza ni Mchungaji Wilson Goode, meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo, ambaye baba yake mwenyewe aliwahi kufungwa. Makanisa yaliombwa kutoa watu wazima wa kujitolea, kila mmoja akutane na mtoto mmoja saa moja kwa wiki kwa muda usiopungua mwaka. Nao watoto walipatikanaje? Goode aliingia magerezani akawauliza wafungwa. Mzazi aliandika majina ya wanawe kwenye fomu, kisha bibi, shangazi au yeyote anayewalea akaombwa ridhaa. Kwa hiyo menta, yaani yule mtu mzima wa kujitolea, hakuja kuchukua nafasi ya mzazi. Mzazi ndiye aliyemfungulia mlango, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Sasa tuje kwenye ule mwaka mmoja, maana hapo ndipo penye siri. Mtoto aliyeachwa ghafla ana daftari kichwani, kama lile la mwenye duka anayekopesha. Kila neno "nitakuja Jumamosi" linaandikwa upande wa deni. Menta akifika Jumamosi, mstari unakatwa. Wiki za mwanzo mtoto haoni ajabu yoyote, kwani hata mdaiwa mbaya hulipa mara mbili tatu. Atamjaribu: atanuna, atajificha chumbani, atasema ana homework nyingi. Imani huanza baada ya mistari mingi kukatwa mfululizo, hasa ile ya siku za mvua, siku ambazo mtu angeweza kutoa udhuru na bado akaja. Mnachofanya katika saa hiyo, iwe ni kucheza drafti au kutembea tu, kina uzito mdogo kuliko kule kufika.

Menta akitoweka mwezi wa pili, deni linabaki wazi, na mtoto huandika chini yake sababu anayoijua: mimi ndiye ambaye watu hawakai naye. Jean Grossman na Jean Rhodes waliona jambo la namna hiyo mwaka 2002. Katika mpango mkubwa wa menta huko Marekani, vijana waliodumu na menta mwaka au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Wale ambao urafiki wao ulikatika kabla ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Tahadhari: hao hawakuwa watoto wa wafungwa peke yao, na huenda urafiki mwingine ulikatika kwa sababu mtoto alikuwa tayari katika hali ngumu, ingawa watafiti walijitahidi kulisawazisha hilo kwa hesabu. Utafiti wa Rebecca Shlafer na Julie Poehlmann, uliowahusu hasa watoto wa wafungwa, ulikuwa na jozi 57 tu za menta na mtoto. Humo, zaidi ya theluthi moja zilivunjika ndani ya miezi sita.

Ndiyo maana mwongozo unaofuatwa na miradi mingi ya Marekani unaihesabu siku ya kuagana kuwa sehemu ya kazi, sawa na kuchuja wanaojitolea na kuwafundisha. Tarehe ya mwisho hutajwa mapema, mtoto huambiwa sababu, na wawili hao hukutana mara ya mwisho wakijua ni ya mwisho. Mzazi wake huenda alichukuliwa alfajiri, mtoto akiwa bado amelala.