Limfoma ya jicho: mionzi haiji kukupofusha

Wagonjwa wengi wa limfoma ya pembeni ya jicho, yaani saratani ya seli za kinga za mwili inayoota kwenye kope au kuzunguka jicho, wakishasikia neno mionzi tu wanapotea, wengine wanaenda kwenye mitishamba wakirudi jicho limeshatoka nje, na ukiwauliza wanasema "nimeambiwa nitapofuka". Jamani, tuongee hili vizuri.

Aina tunayoiona zaidi kwa watu wazima inakua polepole na mara nyingi haiumi, ukivuta kope la chini unaona kinyama laini cha pinki kimejilaza kwenye weupe wa jicho, au kope linavimba, au jicho linasukumwa mbele kidogo kidogo hadi ndugu ndo wanakushtua. Kwa macho tu hatuwezi kusema ni nini, lazima kikatwe kipande kikapimwe maabara, kisha CT skani ya kifua na tumbo, maana kama imesambaa mwilini matibabu yanabadilika.

Ikiwa imebaki hapohapo, mionzi peke yake inatosha kwa wengi. Dozi ya kawaida ni kama grei 24 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa siku 12 za matibabu, na siku hizi kuna vituo vinaanza na grei 4 tu kwa siku mbili, wanasubiri miezi kadhaa, wakiona uvimbe haujaisha wanaongeza. Retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, huanza kuwa hatarini kuanzia kama grei 45, kwa hiyo linganisha mwenyewe. Unalala, unavalishwa barakoa ya plastiki usitikisike, dakika chache umemaliza, hausikii maumivu. Kinachosumbua baadaye ni ukavu wa jicho, tunakupa matone, na mtoto wa jicho anaweza kuja baada ya miaka ila huyo anaondolewa kwa upasuaji. Uvimbe ukiwa juujuu tunaifunika lenzi, ukiwa nyuma ya jicho hatufuniki kwa sababu tutazuia mionzi isiufikie ugonjwa wenyewe.

Ila mtoto ambaye jicho au taya limevimba ndani ya siku chache, hiyo ni habari nyingine kabisa, inaweza kuwa Burkitt, limfoma inayokua kwa kasi sana, ambayo huku kwetu Afrika Mashariki ipo sana na dawa yake ni kemo (dawa za kuua saratani), siyo mionzi, mkimbize hospitali leo leo usingoje wiki iishe.

Ukimaliza mionzi usishangae uvimbe bado upo, unayeyuka taratibu kwa wiki hata miezi, na kliniki utaendelea kuja kwa miaka kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi, hata kwenye jicho la pili.