Kulipa Kila Mwezi Hakumaanishi Deni la Chuo Linapungua

Wahitimu wengi huambiwa: lipa chochote kila mwezi, hata kidogo, deni litaisha lenyewe taratibu. Ushauri una nia njema, ila kwa mkopo wenye riba unaweza kukupotosha.

Kwa kawaida malipo hufuta riba kwanza (na faini, kama ipo). Kinachobaki ndicho hugusa deni la msingi, yaani kiasi chenyewe ulichokopa. Chukua deni la 1,000,000 lenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka: riba ya mwezi wa kwanza ni 10,000. Anayelipa 10,000 bila kukosa atabaki na deni lilelile hata baada ya miaka 20, akiwa ameshatoa 2,400,000. Anayelipa 15,000 atamaliza baada ya miaka 9 na miezi michache, kwa jumla ya takriban 1,656,000. Wa 20,000 humaliza kabla ya miaka 6, kwa takriban 1,393,000.

Je, ujinyime kila kitu? Hapana. Mwenye deni jingine la riba kubwa zaidi aanze na hilo, na asiye na akiba ya dharura ana sababu nzuri ya kulipa kiwango cha chini kwa muda. Ipo pia mipango inayopima malipo kwa kipato na kufuta salio baada ya miaka kadhaa. Hapo hesabu hubadilika kabisa.

Ukiomba kusimamishiwa malipo, uliza kwanza kama riba nayo inasimama. Mara nyingi haisimami. Na ukilipa ziada, mwandikie mkopeshaji kwamba ziada hiyo ipunguze deni la msingi, isihesabiwe kuwa malipo ya mwezi ujao.