Si kompyuta, ni kingo

Nikisikia tena mtu anasema "zile sura za viumbe wa anga siku hizi ni kompyuta tu, zamani walikuwa hawajui kazi," nafunga saluni hapa Kijenge nikauze parachichi. Juzi kaniambia shemeji wa bi harusi, mimi nina brashi mkononi.

La kompyuta nalimaliza haraka. Saru, kiumbe wa tamthilia ya anga Star Trek: Discovery, iliyoanza 2017, ni mwigizaji Doug Jones kabandikwa sura kwa gundi. Kompyuta husaidia hapa na pale, basi.

"Hawajui kazi" ndiyo inayonikera. Waklingoni, wale viumbe wakali wa Star Trek ya kwanza, mwaka 1967 walipakwa rangi na kuwekewa ndevu, kwisha, maana tamthilia ya kila wiki haikuwa na hela wala muda. Matuta ya kwenye paji yalikuja na filamu ya 1979. Kuanzia 1987 fundi wa sura wa Star Trek, Michael Westmore, akawa anabandika mapaji na pua wiki baada ya wiki, mdomo mara nyingi akiuacha huru ili mwigizaji aongee. Huyo hajui kazi?

Kilichobadilika ni kamera. Kipande cha kubandika usoni kikiwa cha povu la mpira, povu unalipiga kwa mashine liumuke, unamimina kwenye kalibu, unaoka. Ukingo hata uufanye mwembamba vipi, una mwisho, kwa hiyo unauficha kwa gundi na rangi. TV za chogo zilikuwa zinakumezea huo mstari bure. Ilipokuja HD, yaani picha kali za TV mpya, ukatokea shavuni kama mshono wa gunia. Tena povu halipitishi mwanga. Ngozi inapitisha: mtazame mtu aliyelipa jua kisogo, masikio yanavyowiva. Silikoni, ule mpira laini wa kutengenezea vipande badala ya povu, nayo inapitisha, na ukiivika plastiki ile maalumu, ukingo unauyeyusha kwa spiriti mpaka haupo.

Kwa ngozi zetu, rangi inachanganywa ndani ya silikoni kabla ya kumimina. Ukipaka juu tu, paji linatoka majivu, na hakuna poda ya kukuokoa.

Ila hiyo silikoni sijaikubali yote. Nzito, na hainyonyi jasho. Kwa joto la Moshi la Februari, jasho linajaa chini yake, kingo za puani zinaanza kunyanyuka. Povu hunyonya kidogo na hukunjana na uso. Mwigizaji wa kukimbia juani bado nambandika povu, halafu kamera ikisogea karibu, mstari ule ule huo hapo. Dawa yake sijaipata.